Unabeba nini na dunia inakutunzia nini: mizigo katika gemu za Elder Scrolls

Katika Daggerfall, gemu ya pili ya Elder Scrolls (mfululizo wa gemu ambamo unaongoza mhusika mmoja katika dunia ya kubuni) iliyotoka mwaka 1996, dhahabu ina uzito. Sarafu 400 ni kilo moja. Mhusika hubeba kilo moja na nusu kwa kila pointi ya nguvu, kwa hiyo mwenye nguvu 50 ana kilo 75 za kila kitu: upanga, vazi la chuma, dawa na hela yenyewe. Akikusanya sarafu 20,000, hizo peke yake ni kilo 50. Zimebaki kilo 25 za kujilinda nazo, na vazi zuri la chuma linazimaliza zote. Tajiri wa Daggerfall ni mtu aliyelemewa.

Dawa ya tatizo hilo ni benki. Kila jimbo lina benki yake, na akaunti ya jimbo moja haitambuliki katika jimbo jingine. Ukitaka kuvuka mpaka na fedha yako unaomba hati ya benki, karatasi isiyo na uzito ambayo benki ya jimbo lolote hukulipa. Mizigo mingine inategemea mkokoteni. Unaununua dukani na unachukua kilo 750, yaani mara kumi ya uwezo wa yule mwenye nguvu 50. Hauingii nawe shimoni (dungeon, yaani mapango na magofu yenye maadui na mali), lakini ukifika kwenye mlango wa kutokea unaweza kuufungua ukiwa bado ndani. Hivyo mchezaji mzoefu hupekua chumba kwa chumba, anarudi mlangoni, anashusha, anaingia tena. Na kwa kuwa mashimo ya Daggerfall ni marefu na yanapotosha vibaya, kila safari ya kurudi mlangoni ni uamuzi mzito.

Nimeanza na Daggerfall kwa sababu inaonyesha wazi jambo ambalo gemu zilizofuata zimelificha. Watu wakizungumzia begi la Elder Scrolls huzungumzia namba moja tu, kikomo cha uzito. Namba hiyo haina maana mpaka ujue mambo mawili mengine: ukikiweka kitu chini, dunia itakitunza au itakifuta? Na ukikifikisha sokoni, mwenye duka ana hela ya kukilipia? Katika kila gemu ya mfululizo huu, moja kati ya hayo matatu ndilo linalobana, na ni mara chache likawa lilelile la gemu iliyotangulia.

Morrowind: nguvu mara tano

Morrowind ya mwaka 2002 iliondoa uzito wa dhahabu na kuweka hesabu nyepesi: nguvu mara tano. Nguvu 60, uzito 300. Ukipita kikomo hata kwa sehemu ya kumi, husogei kabisa, hata hatua moja. Lakini adhabu inaanza mapema zaidi. Mwendo wako hupungua kadiri mzigo unavyoongezeka, na ukiwa umejaa kabisa umepoteza takriban asilimia 30 ya kasi. Kukimbia nako kunachosha zaidi. Morrowind inajulikana kwa mwendo wa pole wa mwanzoni, na sehemu ya lawama ni ya begi: mchezaji mgeni anaokota kila bakuli na mshumaa, halafu anashangaa kila adui anamfikia akiwa hoi.

Kwa kuwa kikomo kinatokana na nguvu, chochote kinachogusa nguvu kinagusa begi. Huu ndio mtego unaowakamata wengi. Makaburini kuna mzuka uitwao Greater Bonewalker ambao uchawi wake unaharibu nguvu zako. Chukua mfano wa mhusika mwenye nguvu 60 aliyebeba uzito wa 280. Akipoteza pointi 10 za nguvu, kikomo kinashuka kutoka 300 hadi 250, na palepale amegandishwa mbele ya mzuka huku mzigo umezidi kwa 30. Hapo usihangaike kupigana kwanza. Fungua begi, angusha kitu kimoja kizito, kisha pigana. Kitu hicho utakikuta, kwa sababu Morrowind haifuti kilichoangushwa chini.

Tofautisha pia aina mbili za madhara. Nguvu zilizonyonywa kwa muda hurudi zenyewe uchawi ukiisha. Zilizoharibiwa hazirudi hata ukilala wiki nzima. Zinataka dawa ya kurejesha nguvu au madhabahu ya hekalu. Anayeingia makaburi ya Morrowind bila dawa hiyo hata moja anacheza kamari.

Kuna njia mbili za kuongeza nafasi kwa uchawi. Feather inapunguza uzito wa mzigo kwa muda, na Fortify Strength inaongeza nguvu. Pointi 10 za nguvu zinakupa nafasi ya 50, sawa na Feather ya 50, ila za nguvu zinaongeza na uzito wa pigo lako. Zote mbili zina kasoro moja: muda ukikatika uko katikati ya daraja na mzigo umepita kikomo, unasimama papo hapo. Ndiyo maana waliobobea hutegemea zaidi uchawi wa Mark, unaotia alama mahali ulipo, na Recall, unaokurudisha hapo papo hapo. Mtu aliyelemewa hawezi kutembea lakini anaweza kutoa uchawi. Weka Mark pale unapouzia, ingia shimoni, jaza begi kupita kiasi ukiwa umesimama mahali pamoja, halafu piga Recall. Uzito unakuzuia kwenda kwa miguu tu.

Mark hiyo uiweke wapi? Wengi huiweka katika mji wa Caldera, ndani ya nyumba ya Ghorak Manor, ambako kiumbe mdogo aitwaye Creeper ananunua vitu kwa thamani yake kamili bila kupunguza. Ana sarafu 5,000, zinazorudi kila baada ya saa 24 za ndani ya gemu. Kuna pia kaa mfanyabiashara mwenye 10,000, ila yuko mbali na si rahisi kumpata.

Hapa ndipo Morrowind inapobana kikweli. Upanga uitwao Daedric Dai-katana una uzito wa 60 na thamani ya 120,000. Kuibeba ni kazi ndogo. Hakuna mtu kisiwa kizima mwenye fedha ya kuilipa. Kinachofanyika ni kubadilishana. Kwanza unamuuzia Creeper vitu vya bei ya kati, kila siku kwa 5,000 zake, mpaka awe na akiba ya mali yako ya zamani. Kisha unampa kitu cha 30,000, unachukua kwake vitu vya 25,000 na sarafu 5,000 juu. Vitu hivyo vya 25,000 unavirudisha polepole, 5,000 kwa siku, kwa siku tano. Kwa Dai-katana yenyewe hesabu ni awamu 24 za sarafu 5,000. Inachosha? Sana. Lakini kuna ukweli ndani yake ambao gemu nyingi zimeukwepa: thamani iliyoandikwa kwenye kitu na hela iliyomo mfukoni mwa mnunuzi ni mambo mawili tofauti.

Jambo moja la pembeni ambalo wezi wanapaswa kulijua. Morrowind haiweki alama ya wizi kwenye kitu kimoja kimoja. Inakumbuka aina ya kitu na jina la mwenyewe. Ukiiba kisu cha aina fulani kwa mwenye duka, halafu ukamuuzia kisu kingine cha aina hiyohiyo ulichokipata kihalali, atadai ni chake. Oblivion na Skyrim zilirekebisha hilo kwa kuweka alama kwenye kitu chenyewe.

Oblivion na mfuko usioisha

Oblivion ya mwaka 2006 ilibaki na nguvu mara tano na ilibaki na kuganda, lakini ilimbadilisha mwenye duka. Kiasi cha dhahabu unachokiona kwake si akiba inayopungua, ni kikomo cha malipo kwa mara moja. Mwenye 800 anaweza kukulipa 800, tena 800, tena 800, siku nzima. Kwa hiyo kosa kubwa la Oblivion ni kuuza vitu kwa fungu. Mishale 200 ikiuzwa pamoja inalipwa hadi kikomo hicho na kilichozidi kinapotea. Ikiuzwa kwa mafungu madogo unapata yote. Mishale yenyewe ina uzito wa 0.1 kila mmoja, kwa hiyo hiyo 200 ni 20 kamili, na mpiga upinde anayeikusanya bila kuhesabu anashangaa begi limejaa.

Vazi nalo lilianza kupata nafuu. Ukifika ujuzi wa 75 katika mavazi mepesi, ulilovaa halihesabiwi kwenye mzigo. Wa mavazi mazito katika kiwango hicho wanasamehewa nusu.

Skyrim: gawanya bei kwa uzito

Skyrim, ya mwaka 2011, iliondoa nguvu kabisa. Kila mhusika anaanza na 300, na kila unapoongeza stamina wakati wa kupanda levo unapata 5 zaidi. Levo kumi za stamina ni 50, ambayo ni kidogo. Adhabu pia imelegezwa: ukizidi kikomo unatembea polepole na huwezi kusafiri kwa ramani, lakini hugandi. Na hata hilo lina milango: ukipanda farasi unaweza kusafiri kwa ramani ukiwa umezidi, na sauti ya Whirlwind Sprint inakurusha mbele bila kujali mzigo.

Nafasi ya kweli inapatikana penginepo. Jiwe la Steed, kaskazini magharibi ya mji wa Solitude, linaongeza 100 na kufuta uzito wa vazi ulilovaa. Kipaji cha Extra Pockets, kinachofunguka ujuzi wa kuchomoa mifuko ukifika 50, kinaongeza 100 nyingine. Unhindered kwa mavazi mepesi na Conditioning kwa mazito vinafuta uzito wa vazi hata bila jiwe. Ukiwa na hivyo viwili vya 100 una 500 kabla hujagusa stamina.

Hata hivyo, tatizo la Skyrim kwa kawaida ni kile kilichomo ndani ya begi. Kipimo kinachosaidia ni kimoja: gawanya thamani kwa uzito. Shoka la vita la kale la Nord, lile linaloangushwa na maiti wa mapangoni, lina uzito wa 22 na thamani ya 28. Hiyo ni sarafu moja na kidogo kwa kila pointi ya uzito. Almasi ina uzito wa 0.1 na thamani ya 800. Mfupa wa joka ni 15 kwa 500, kama 33 kwa pointi. Gamba la joka ni 10 kwa 250, yaani 25. Mwanzoni mwa gemu chukua chochote kinachofika 10 kwa pointi na uache kilicho chini yake. Begi likianza kujaa vitu vya 10, pandisha kiwango hadi 20, kisha 30. Majoka yakizidi utaanza kuacha magamba na kubeba mifupa peke yake, na ni sawa kabisa.

Kumbuka pia kwamba thamani iliyoandikwa siyo utakayolipwa. Ujuzi wa kuongea ukiwa 15, unapata takriban theluthi moja. Ukifika 100, bila vipaji, ni nusu. Lile shoka la 28 linakuwa sarafu tisa kwa uzito wa 22.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni pale unapogeuza mali kuwa nyepesi kabla ya kuibeba. Ngozi moja iliyotengenezwa ina uzito wa 2 na thamani ya 10. Ikate kwenye fremu ya kutengenezea ngozi upate kanda nne. Kila kanda ina uzito wa 0.1 na thamani ya 3. Uzito umeshuka kutoka 2 hadi 0.4 na thamani imepanda hadi 12. Usikate zote, kwa sababu mavazi mengi yanadai ngozi nzima na kanda haiwezi kurudishwa kuwa ngozi.

Magofu ya Dwemer, taifa la kale lililotoweka, ndiyo mtihani mkubwa. Pale chini kumejaa vyuma vya kila umbo, na mgeni hubeba vyote. Vinavyofaa ni vitatu: Bent Dwemer Scrap Metal, Small Dwemer Plate Metal na Large Dwemer Plate Metal. Kila kimoja kina uzito wa 2 na tanuri linakigeuza kuwa vipande vitatu safi, kila kipande kikiwa na uzito wa 1 na thamani ya 30. Mali ya 90 kutoka uzito wa 2! Solid Dwemer Metal ina uzito wa 25 na inatoa vipande vitano tu, kwa hiyo ibebe ikiwa nafasi imebaki. Gia kubwa la Dwemer Cog lina uzito wa 10 na halikubali kuyeyushwa. Liache hapo isipokuwa kuna anayekuagiza. Angalia lakini: baada ya kuyeyusha mzigo unaongezeka, kwani uzito wa 2 umekuwa 3. Beba vyuma kama vilivyo hadi mjini na uyeyushe karibu na duka la mhunzi, si njiani.

Mwenzi wa safari naye ana kikomo chake. Ukimkabidhi vitu kwa mazungumzo atafika mahali aseme hawezi zaidi. Lakini ukiviangusha chini na kumwamuru aokote kimoja kimoja, ataendelea kuokota bila kuhesabu uzito. Ni uzembe wa programu ambao umeachwa hadi leo, na kwa mwenye subira unafuta tatizo lote la uzito. Hatari yake ni kumpoteza mwenzi mwenyewe: wengi wao hufa, na mwili wake ukiuacha pangoni umeacha na mali yako.

Sanduku lipi ni salama

Hili ndilo linaloliza watu zaidi kuliko kikomo cha uzito, na halielezwi popote ndani ya gemu. Sanduku ambalo halipo kwenye nyumba yako linaweza kufutwa na kujazwa upya. Oblivion hufanya hivyo baada ya siku tatu. Skyrim inasubiri saa 240, yaani siku 10 bila wewe kuingia eneo lile, na kama ni pango ulilolimaliza, saa 720, siku 30. Ukiingia hata kwa dakika moja saa inaanza upya. Kinachochanganya ni kwamba si kila sanduku linajazwa upya, kwa hiyo mtu anaweka vitu kwenye pipa la kijijini, anavikuta mara mbili, anaamini, na mara ya tatu havipo.

Sababu ni kumbukumbu. Kila kijiko ulichohamisha, kila mlango uliouacha wazi, kila mshale uliochomeka ukutani lazima uandikwe kwenye faili la kusevu. Dunia kubwa isiyofuta kitu inaongeza faili hilo bila mwisho. Morrowind iliamua kutofuta vilivyoangushwa na ikaweka kikomo cha uzito kwenye masanduku badala yake, ndiyo maana unaambiwa kreti limejaa. Skyrim iliweka masanduku yasiyojaa, kisha ikafuta. Wachezaji wa PlayStation 3 waliuona upande wa pili wa uamuzi huo: mashine ile ilikuwa na megabaiti 256 za kumbukumbu kuu na 256 za picha, na kadiri faili la kusevu lilivyonenepa gemu ilianza kukwama hadi viraka vilipotolewa.

Katika Skyrim, basi, mapema kabisa tafuta sarafu 5,000 ununue nyumba ya Breezehome katika mji wa Whiterun. Iko hatua chache kutoka kwa mhunzi na kwa Belethor, mwenye duka la bidhaa mchanganyiko, na masanduku yake hayafutwi. Wahunzi wana sarafu 1,000, maduka ya bidhaa mchanganyiko 750, wauza dawa 500, na zote hurudi baada ya saa 48. Mhunzi hanunui dawa na mwuza dawa hanunui panga, mpaka upate kipaji cha Merchant kwenye ujuzi wa kuongea wa 50. Ukitoka pangoni na mali ya 5,000, usiimalize kwa duka moja kwa hasara. Gawa kwa aina, zilizobaki zilale nyumbani. Au badilisha sehemu yake kwa vitu unavyohitaji, kama alivyokufundisha Creeper.

Elder Scrolls Online, iliyofunguliwa 2014, imeacha uzito na kuhesabu nafasi. Unaanza na 60. Upanga mzito na pete vinachukua nafasi moja moja sawasawa, na malighafi za aina moja zinarundikana hadi 200 ndani ya nafasi moja. Benki ni ya akaunti, kwa hiyo wahusika wako wote wanaitumia, na hiyo ndiyo njia ya bure ya kuhamisha vitu kati yao. Nafasi nyingine 60 za begi zimepatikana kwa miaka mingi kupitia masomo ya farasi: sarafu 250 kwa somo, nafasi moja kwa somo, somo moja kila saa 20. Kuyamaliza ni sarafu 15,000 na siku 50 bila kukosa, na siku hizo 50 zinadhani hufundishi farasi kasi wala ustahimilivu. Anzia na kubeba.

Mfuko wa malighafi usio na kikomo unakuja na usajili wa ESO Plus. Usajili ukikatika unaweza kutoa vilivyomo lakini huwezi kuongeza, na malighafi zote mpya zinaanza kula zile nafasi za begi. Kwa fundi anayeshona, kufua chuma na kupika kwa wakati mmoja, begi linajaa jioni ya kwanza. Kabla usajili haujaisha chagua fani moja au mbili utakazoendelea nazo, acha malighafi zake ndani ya mfuko uwe unazichota, na zile za fani nyingine ziuze zikiwa bado na bei.